Umebadilisha injini ya pikapu? Usiisahau klachi ya mafuta

 

Leo tunaweka mbolea na viuatilifu pembeni kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu klachi ya mafuta kwenye gari lililobadilishwa injini. Najua wapo watakaouliza, bwana shamba na klachi wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Nyanya ikishachumwa haisubiri. Naweza kukufundisha nafasi ya mche na mche, namna ya kuzuia kantangaze na wakati wa kuvuna, lakini gari likigoma katikati ya mlima, mafunzo yote hayo yanaishia kwenye tenga lililooza. Stashahada yangu ya kilimo ilikuwa na somo la zana, tukafundishwa pampu, matrekta na injini. Mimi si fundi magari, ila klachi ya mafuta ni pampu tu, na pampu nazijua.

Huku kwetu Kilolo pikapu nyingi za mazao ni kuukuu. Injini ya petroli ikichoka, mwenye gari ananunua injini ya dizeli iliyotumika, mara nyingi pamoja na giaboksi yake, anafungiwa, maisha yanaendelea. Si jambo baya. Tatizo ni kwamba fedha na akili zote huelekezwa kwenye injini. Klachi hufungwa mwisho, jioni, kwa vifaa vilivyopatikana dukani siku hiyo.

Kisa cha pikapu ya kikundi

Kuna kikundi cha akina mama wanaokusanya nyanya vijijini na kuzipeleka soko la Ilula. Walikuwa na pikapu aina ya Toyota Hilux, ya petroli na giaboksi ya otomatiki. Injini ilipokufa wakachukua mkopo kwenye kikoba chao, wakanunua injini ya dizeli ya 3L pamoja na giaboksi ya kawaida ya gia tano. Injini yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Lakini tangu siku ya kwanza gia zilikuwa ngumu kuingia, na rivasi ilikwaruza mpaka watu wanageuka barabarani.

Fundi akarefusha fimbo ya pedali. Gia zikaingia vizuri kidogo. Baada ya wiki chache klachi ikaanza kuteleza, injini inanguruma gari haliendi, harufu ya kuungua imejaa ndani. Wakanunua klachi pleti mpya. Nayo ikaungua mlimani wakiwa na matenga arobaini ya nyanya. Mzigo ulilala porini siku mbili kwenye jua, na walichouza baadaye hakikurudisha hata gharama ya kuchuma.

Mwenyekiti wao alinifuata ofisini. "Shikamoo mama," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Bwana shamba, sisi tunaambiwa tununue klachi ya tatu. Njoo uangalie tu kwa macho yako, kikoba kinaisha."

Nilikwenda Jumamosi nikiwa na rula, kalamu na kipimo cha venia ninachotumia kupimia vipenyo vya mabomba ya umwagiliaji. Fundi alikuwa muungwana, hakukasirika. Tulipima pamoja. Yafuatayo ndiyo tuliyoyaona, na ndiyo nataka kila mwenye gari la namna hii ayajue.

Klachi ya mafuta inafanyaje kazi?

Ukikanyaga pedali, fimbo inasukuma pistoni iliyo ndani ya masta ya juu, ile iliyofungwa mbele ya dereva upande wa injini. Pistoni inasukuma mafuta ya breki kupitia paipu hadi masta ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi. Masta ya chini inasukuma uma wa klachi, uma unasukuma beringi, na beringi inakandamiza vidole vya presha pleti. Hapo klachi pleti inaachiwa huru, injini inazunguka peke yake na gia inaingia bila kelele. Ukiachia pedali, kila kitu kinarudi.

Kanuni yake ni ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662. Ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mgandamizo unasambaa sawasawa kila upande. Ndiyo maana mguu mmoja wa binadamu unaweza kushinda springi ngumu ya presha pleti.

Lakini hakuna cha bure. Masta ya chini ikiwa nene kuliko ya juu, unapata nguvu zaidi lakini inatembea umbali mfupi. Ikiwa nyembamba, inatembea mbali lakini pedali inakuwa nzito. Ni kama mtu anayemwaga ndoo moja ya maji kwenye pipa nene na kwenye pipa jembamba. Maji ni yale yale, lakini kimo kinachopanda si kimoja.

Hesabu ndogo ambayo ingeokoa klachi mbili

Kipenyo cha masta mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wake kwa inchi, kama 5/8, 11/16, 3/4, 13/16 au 7/8. Chukua kipenyo cha ya chini, gawanya kwa kipenyo cha ya juu, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Hapo umepata idadi ya milimita ambazo pistoni ya juu lazima itembee ili ya chini itembee milimita moja.

Mfano: ya juu 5/8, ya chini 13/16. Ukigawanya unapata 1.3. Mara 1.3 ni 1.69. Pistoni ya juu ikitembea milimita 30, ya chini inatembea 30 gawanya kwa 1.69, yaani karibu milimita 18. Uma ukiwa unapunguza mwendo kwa nusu, beringi inasogea karibu milimita 9.

Kwenye pikapu ya akina mama masta ya juu ilikuwa 5/8, lakini ya chini ilikuwa 7/8, imetolewa kwenye gari jingine kwa sababu matundu ya bolti yalilingana. 7/8 gawanya kwa 5/8 ni 1.4, na mara 1.4 ni 1.96. Pistoni ya juu ikitembea milimita 30, ya chini inatembea 15 tu. Tulipopima kwa rula, mmoja anakanyaga mwingine yuko chini ya gari, fimbo ya masta ya chini ilitembea milimita 13. Kwa hiyo klachi haikuwa inaachia kamili hata siku moja. Klachi pleti ingekuwa mpya namna gani, isingesaidia.

Ushauri wangu: nunua masta ya chini inayoendana na giaboksi uliyofunga, kisha tafuta ya juu inayolingana nayo, ikiwezekana zote kutoka gari la aina moja. Bolti kuingia kwenye matundu yake si ushahidi kwamba kifaa ndicho.

Usikosee upande wa pili pia. Masta ya juu ikiwa nene mno kwa ile ya chini, pistoni ya chini inaweza kutoka nje ya silinda yake, au beringi ikakandamiza vidole vya presha pleti kupita kiasi.

Zile milimita mbili zilikwenda wapi?

Hesabu ilisema 15, rula ikasema 13. Tulimwomba kijana akanyage huku sisi tunaangalia ile bodi ya bati inayotenganisha injini na dereva. Ilikuwa inapumua. Kwa kuwa gari lilikuwa otomatiki, hapakuwa na masta ya klachi, hivyo fundi alitoboa bati na kuifunga papo hapo. Bati likibonyea milimita 4, hizo ni milimita 4 ambazo hazikufika kwenye mafuta.

Kwa hiyo kabla hujafunga masta ya juu, weka kipande cha chuma kigumu nyuma ya bati, kilichoenea kupita bolti za masta. Kwa baadhi ya magari yaliyouzwa kwa aina zote mbili, otomatiki na ya kawaida, bodi ya mbele huwa na alama za mahali pa kutoboa. Ziangalie kwanza. Pia hakikisha fimbo inaingia kwenye masta ikiwa imenyooka. Ikiingia kwa pembe, inakula silinda upande mmoja na mipira inaanza kuvujisha mapema.

Fimbo ndefu ndiyo iliyochoma klachi

Ndani ya masta ya juu kuna tundu dogo linalounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Pedali ikiwa juu kabisa, tundu hilo lazima liwe wazi. Kazi yake ni kuruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo yakipata joto na kutanuka.

Fundi aliporefusha fimbo ili gia ziingie, pistoni ikabaki imesukumwa kidogo muda wote na tundu likazibwa. Asubuhi gari likiwa baridi hapakuwa na shida. Likishapanda mlima na mzigo, giaboksi na ekzosi vinatoa joto, mafuta ndani ya paipu yanatanuka, hayana pa kwenda, basi yanasukuma masta ya chini. Ni sawa na dereva kuweka mguu juu ya klachi safari nzima. Klachi inateleza, inaungua, halafu lawama zinaenda kwa duka la spea.

Namna ya kurekebisha ni rahisi. Sukuma pedali kwa kidole. Lazima kuwe na uhuru mdogo kabla hujahisi pistoni. Kwa pikapu nyingi za aina hii, milimita 1 hadi 5 ni za fimbo yenyewe, na uhuru wote wa pedali ni kati ya milimita 5 na 15. Ukishaupata, kaza nati ya fimbo. Kama gia bado hazitaki, usirudi kwenye fimbo. Tafuta tatizo lenyewe.

Paipu, mafuta na upepo

Paipu iwe ya chuma, ile ya breki, na ncha zake ziwe zimetengenezwa kwa kifaa cha breki. Injini inatikisika juu ya mauntingi zake, kwa hiyo kati ya bodi na giaboksi lazima kuwe na kipande cha hozi ya breki. Usitumie mpira wa dizeli, unatanuka ukikanyaga na unakula mwendo wako. Ipitishe mbali na ekzosi.

Mafuta ni ya breki, DOT 3 au DOT 4. Usiweke oili ya injini wala haidroliki ya trekta, hata kwa siku moja tu ya kuendea mjini. Mipira ya masta inavimba, na utabadilisha zote mbili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Chupa iliyokaa wazi dukani tangu masika usiinunue. Na yakimwagika kwenye rangi, osha kwa maji haraka, yanababua.

Sasa upepo. Wanaotumia bomba la kupulizia la mgongoni mnajua kwamba hewa inabonyea. Kwenye bomba lile hewa ni rafiki, inafanya dawa itoke bila kukatika. Kwenye klachi hewa ni adui. Ukikanyaga, unabonyeza hewa badala ya kusukuma uma. Dalili yake ni pedali laini kama sponji, na ukipampu mara tatu nne gia inaingia.

Nipeli ya kutolea upepo lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya masta ya chini. Injini ikibadilishwa, wakati mwingine masta hiyo inafungwa kichwa chini, nipeli inatazama ardhi. Hapo utapampu hadi jioni na hewa itabaki juu. Kama huwezi kugeuza namna ilivyofungwa, ing'oe masta hiyo bila kufungua paipu, zuia fimbo yake isitoke, ielekeze nipeli juu, toa upepo, kisha irudishe.

Njia ya kawaida ni watu wawili. Mmoja anakanyaga taratibu na kushikilia, mwingine anafungua nipeli kidogo, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo pedali inaachiwa. Kikopo cha juu kisikauke hata mara moja, la sivyo mnaanza upya. Paipu ndefu ikisumbua, sukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Sisi tulitumia bomba jipya la sindano la mililita 50 kutoka duka la mifugo, pamoja na mpira mwembamba. Hewa kwa asili inapanda, hivyo unaisaidia kwenda inakotaka. Punguza kwanza mafuta ya kikopo ili yasifurike. Na bomba hilo lisiwe limewahi kubeba dawa ya ng'ombe, wala lisirudi kwa ng'ombe baadaye.

Namna ya kupima kabla ya kupakia mzigo

Simamisha gari mahali tambarare, hendibreki juu, injini ikiwa sailensa. Kanyaga klachi hadi chini, hesabu mpaka tano, weka rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza, haiachii.

Kisha shikilia pedali chini kwa dakika moja gia ikiwa ndani. Gari likianza kutaka kuondoka lenyewe, mafuta yanapita kwenye mipira ya masta. Chungulia chini ya dashibodi kwenye fimbo, kisha vua kifuniko cha vumbi cha masta ya chini. Ukikuta unyevu, mipira imekwisha.

Mwisho, pima mwendo wa masta ya chini kwa rula. Kama inatembea inavyotakiwa na gia bado hazitaki, tatizo liko ndani: uma umepinda, klachi pleti imegeuzwa, au meno yake hayalingani na shafti ya giaboksi. Injini iliyotoka kwenye otomatiki huwa haina flaiwili ya klachi, na mara nyingi haina ile beringi ndogo inayokaa mwisho wa krenki kushikilia ncha ya shafti. Hivyo viulizwe kabla giaboksi haijapanda. Kushusha giaboksi mara ya pili ni siku nzima na malipo mengine.

Ilikuwaje mwisho wake

Kikundi kilinunua masta ya chini ya 13/16, kipande cha chuma kikachomelewa nyuma ya bati, fimbo ikarudishwa fupi, upepo ukatolewa. Klachi pleti ikanunuliwa ya tatu, kwa sababu ya pili ilikuwa majivu. Rula ilisoma karibu milimita 18. Rivasi iliingia kimya, na yule mama akasema, "Kumbe lilikuwa na adabu hili gari." Msimu uliopita walibeba nyanya mpaka mwisho wa mavuno kwa klachi hiyo hiyo, ingawa mkopo bado wanaulipa.

Naliandika hili kwa sababu ya fedha, lakini zaidi kwa sababu ya uhai. Wanaopita Kitonga wananielewa. Mteremko ule unashuka na gia ndogo, injini ikusaidie kushikilia gari. Klachi isipoachia, unatoa gia kubwa na ndogo inagoma kuingia. Hapo uko bure, mzigo unakusukuma, umebaki na breki peke yake, nazo zikipata moto zinaishiwa nguvu. Klachi mbaya haiishii kuchelewesha soko.

Jambo jingine ni kadi ya gari, ambayo ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe, na mweleze wa bima yako. Tunza risiti ya injini.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

1. Masta ya juu ni inchi ngapi, na ya chini ni ngapi?
2. Bati la mbele limeimarishwa? Nikikanyaga linabonyea?
3. Pedali ina uhuru kidogo juu?
4. Nipeli ya masta ya chini inatazama juu?
5. Masta ya chini inatembea milimita ngapi? Nionyeshe kwa rula.
6. Rivasi inaingia bila kelele baada ya kuhesabu tano?

Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa. Wetu hakukasirika, na sasa ana rula yake kwenye boksi la spana.

Wiki ijayo tunarudi shambani, tutazungumzia namna ya kupanga nyanya kwenye tenga zisipondeke njiani. Mwenye swali kuhusu gari lake aandike aina ya gari, injini aliyofunga na vipimo vya masta zote mbili, nitajibu kadiri ninavyoweza.

Kazi njema, na safari njema kwa wote mnaopakia leo.